Ugonjwa Unaotibiwa Watu Wawili

Mimi ni fundi cherehani wa hapa Tanga mjini, umri wangu umeshapita miaka arobaini, na nimeolewa mara mbili. Nimeyatanguliza hayo kwa sababu yote yanahusika na ninachotaka kukishuhudia. Kuna ugonjwa wa zinaa uitwao trikomona. Uliingia katika ndoa yangu ya pili, ukatufikisha hatua ya kutajiana talaka, kisha ukaondoka kwa vidonge vinavyopatikana karibu kila zahanati nchini. Jina langu silitaji, kwa kuwa nina watoto wakubwa na wakwe. Lakini mume wangu nimemsomea maandishi haya toka mwanzo hadi mwisho, naye ameridhia yatoke, tena sehemu inayomhusu yeye ndiyo aliyonisisitizia nisiipunguze.

Ulinianza kwa muwasho. Baadaye yakaja majimaji mengi, mepesi, yenye povu, rangi yake kati ya njano na kijani, na yana harufu ya shombo isiyoondoka kwa kuoga. Haja ndogo ikawa inachoma. Tendo la ndoa likageuka maumivu. Mwanamke wa pwani hufundwa na somo wake kwamba mwili wake ndani ya ndoa ni wa kufukizwa udi na kuvishwa asumini, kwa hiyo ile harufu ilinivunja moyo kuliko hata maumivu yenyewe. Nilikuwa nasingizia uchovu wa cherehani, nashona hadi usiku wa manane ili nikiingia ndani nimkute mume wangu ameshalala.

Washauri hawakukosekana. Jirani mmoja alisema ni UTI, mwingine akasema fangasi. Wifi yangu aliapa kwamba nimeuokota kwenye vyoo vya stendi. Nikaletewa ndimu za kujioshea, nikaletewa shabu, nikaelekezwa maji ya mwarobaini. Kwenye duka la dawa nikauziwa tembe za fangasi za kuingiza ukeni, na muuzaji hakuniuliza lolote zaidi ya bei ninayoiweza. Walioniletea vitu hivyo walinipenda, sina kinyongo nao. Lakini sasa naujua ukweli wake, na lazima niuseme. Ndani ya uke wenye afya wamo bakteria wema wanaoutia uchachu wa kiasi, na uchachu huo ni kinga. Sabuni, ndimu na shabu huichubua ngozi laini na kuwavuruga bakteria hao, na kati ya vitu hivyo hakuna hata kimoja kinachotibu trikomona. Dawa ya fangasi nayo haikigusi kimelea hiki, kwa kuwa si fangasi.

Habari ya vyoo nayo niimalize hapa hapa, maana ndiyo inayopendwa zaidi: inamwondolea kila mtu lawama. Kimelea cha trikomona hakina gamba la kujihifadhi kikiwa nje ya mwili. Kikikauka kinakufa. Njia yake ya kawaida kutoka mtu hadi mtu ni kujamiiana. Hata mimi ningependa iwe ni choo cha stendi, lakini si kweli.

Kipimo changu cha kwanza kilisema sina kitu. Nilitoa sampuli asubuhi, nikaambiwa nisubiri, nikasubiri hadi mchana ndipo nikapewa majibu. Niliporudi nyumbani na karatasi ile nilidhani labda nimerogwa, na yupo mtu aliyekuwa tayari kunipeleka kwa mganga wa kienyeji. Ni kwenye kituo kingine cha afya, baada ya hali kuzidi, ndipo nilipompata tabibu mwanamke aliyenipima kwa macho kwanza, akauona mlango wa kizazi umevimba na kuwa mwekundu, kisha akaipeleka sampuli maabara mwenyewe, mkononi, bila kuiacha mezani. Mtaalamu wa maabara akaiweka chini ya hadubini papo hapo. Akaniita nichungulie.

Nilichokiona sitakisahau. Vidude vidogo vyenye umbo la tone vilikuwa vinajirusharusha katikati ya chembe nyingine zilizotulia. Yule kijana alinieleza kwamba kila kimoja ni kiumbe kamili cha seli moja, kina mijeledi inayokisukuma, na kwamba kwa njia ya hadubini anakitambua hasa kwa mwendo wake. Sampuli ikicheleweshwa, kimelea huacha kucheza, na kikiacha kucheza ni vigumu kukitofautisha na chembe nyeupe za damu, kwani vinakaribiana ukubwa. Ndiyo sababu majibu ya sampuli iliyokaa mezani hayaaminiki. Hata ikisomwa upesi, hadubini huwabaini takriban nusu hadi theluthi mbili tu ya wanawake wenye ugonjwa. Vipimo vya kisasa vinavyotafuta vinasaba vya kimelea ni bora zaidi, lakini zahanati nyingi hazinavyo.

Siku ile nilijifunza pia kwamba ugonjwa huu si mgeni wala si wa watu fulani. Daktari Mfaransa, Alfred Donné, alikiona kimelea hiki kwa hadubini jijini Paris mwaka 1836. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 peke yake watu milioni 156 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliambukizwa trikomona. Idadi hiyo inazidi ya klamidia, inazidi ya kisonono, inaiacha mbali kaswende. Kisonono na kaswende kila mtu anazijua kwa majina, zimo kwenye utani wa vijiweni na kwenye mabango ya hospitali. Trikomona inaambukiza watu wengi kuliko hizo, na mimi niliishi zaidi ya miaka arobaini bila kulisikia jina lake. Naliona hilo kuwa ni dhuluma kwa wanawake, na nalisema kwa uchungu.

Nikapewa dawa. Ilipotolewa nikashangaa, kwa sababu naijua tangu utotoni: metronidazole, ambayo watu wengi wanaiita Flagyl. Nyumbani kwetu ilikuwa dawa ya tumbo. Mtu akiharisha anameza viwili, tumbo likitulia vinavyobaki vinafungwa kwenye karatasi na kutunzwa kabatini. Kumbe dawa hii iligunduliwa Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1950, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuitibu trikomona hii hii. Tabibu alinikataza kabisa ule mtindo wa vidonge viwili viwili. Kwa mwanamke, dozi inayopendekezwa siku hizi ni miligramu 400 au 500 mara mbili kwa siku, kwa siku 7, hadi kidonge cha mwisho. Zamani wanawake wengi walipewa gramu 2 kwa mpigo mmoja, na bado wapo wanaopewa hivyo. Lakini utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kati ya wanawake waliomeza kwa mpigo, asilimia 19 walikutwa bado na kimelea wiki nne baadaye, na kati ya waliomeza kwa siku 7 walikuwa asilimia 11. Inatia ladha ya chuma mdomoni na kichefuchefu, na mkojo unaweza kubadilika rangi ukawa mweusi kidogo. Usiogope ukaikatiza. Vimelea vilivyokwisha kuizoea dawa hii vipo, na dozi za nusunusu zinavisaidia hivyo, si wewe.

Nilimaliza dozi, nikapona. Muwasho ukaisha, harufu ikaisha, nikarudi kufukiza chumba changu. Kisha yote yakarudi kama yalivyokuwa.

Hapa ndipo penye kiini cha ushuhuda wangu. Tabibu aliponiona tena hakubadilisha dawa. Aliniuliza, "Mama, mzee alikunywa dawa?" Nikamwambia mzee haumwi. Akatikisa kichwa, akaandika karatasi ya kumwita mwenza, akanieleza jambo ambalo nadhani kila mtu aliyeoa au kuolewa anapaswa kulisikia. Takriban watu 7 kati ya 10 wenye trikomona hawana dalili yoyote, na wanaume wengi wamo humo. Kimelea hukaa katika mrija wa mkojo, wakati mwingine hadi kwenye tezi dume, bila kumsumbua mwenyewe. Wachache huwashwa ndani ya uume, au huhisi kuchomwa baada ya kukojoa au kumaliza tendo. Wengine wanakula, wanafanya kazi, wanalala, na kila wanapokutana na wake zao wanaurudisha ugonjwa ule ule uliotibiwa wiki iliyopita. Mke anarudi kliniki, anapewa dawa ile ile, na nyumba nzima inaamini kwamba yeye ndiye mwenye tatizo.

Nilimpelekea mume wangu karatasi. Mume wangu anafanya biashara ya machungwa, anayachukua Muheza na kuyapeleka Mombasa, ni mtu wa kazi na wa maneno machache. Akaisoma, akaikunja. "Mimi siumwi popote. Sina muwasho, sina usaha, nakojoa vizuri. Nikatibiwe nini?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema neno lililonichoma: "Na kama mimi sina, wewe umeupata wapi?"

Na mimi nilikuwa na langu la kumrudishia, maana anayesafiri ni yeye. Nikalirudisha. Kuanzia hapo chumba kilikuwa na watu wawili wasiosemeshana. Ndugu zake wakajua, ndugu zangu wakajua, na kila upande ukawa na hukumu yake tayari. Mwishowe ikabidi aitwe mshenga wetu, mzee aliyesimamia posa, aje asikilize.

Mzee yule alitusikiliza wote, mmoja mmoja, bila kumkatiza mtu. Halafu akamwambia mume wangu: "Huyu ana karatasi ya hospitali. Wewe una maneno. Kalete karatasi yako, ndipo tukae tena." Hakuongeza. Akanywa kahawa yake akaondoka. Mume wangu akaenda, na nia yake, amenikubalia mwenyewe niiandike, ilikuwa kuleta ushahidi wa kuniacha.

Tabibu alimkalisha chini peke yake. Alimwambia kwanza kwamba hadubini ni dhaifu zaidi kwa mwanamume, kwa hiyo majibu ya kusema hana yasingemtoa wasiwasi mtu yeyote anayejua kazi. Mwenza wa mtu aliyekutwa na trikomona hutibiwa, awe na dalili asiwe nazo. Pili akamuuliza kuhusu ndoa zetu za nyuma. Mimi niliachika, yeye alifiwa na mke, na tulikuwa hatujatimiza miaka miwili tangu tuoane. Akamweleza kwamba kimelea hiki kinaweza kukaa ndani ya mwanamke kwa miezi, hata miaka, kimya kabisa, na kwa mwanamume pia kinaweza kukaa, ingawa mara nyingi hakidumu sana. Kinaweza kuwa kimetoka kwenye ndoa yangu ya kwanza au ya kwake. Kinaweza kuwa cha karibuni. Hakuna daktari, hakuna maabara, hapa wala ng'ambo, inayoweza kusema nani kakileta wala lini.

Alimeza dawa palepale mbele ya tabibu, gramu 2 kwa mpigo, kwa kuwa kwa wanaume bado ndiyo dozi inayotumika. Jioni akaja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha wateja, mimi nikiwa na nguo mkononi. Akasema, "Lile swali nimelifuta. Usinijibu." Nikamwambia na langu nimelifuta. Hadi leo hatujui, na hatutajua. Nilidhani kutojua kutanila moyo. Haikuwa hivyo, kwa sababu sasa wote wawili tunajua kwamba jibu halipo, na mtu hagombanii kisichokuwepo.

Nilirudia dozi yangu wakati ule ule alipotibiwa yeye. Hatukukutana kimwili mpaka wote wawili tulipomaliza dawa, wiki ikapita na dalili zikaisha. Baada ya kama miezi mitatu nilirudi kupimwa, kama nilivyoagizwa, kwa sababu kuambukizwa upya ni jambo la kawaida sana kwa wanawake waliotibiwa. Sikuwa nacho. Tulipimwa pia VVU na kaswende pamoja, na nawasihi wote wanaokutwa na ugonjwa huu wafanye hivyo, maana magonjwa ya zinaa hupenda kuandamana.

Kuna watakaosema ni muwasho tu, mbona unauandikia kurasa nzima. Nauandikia kwa sababu muwasho ni upande wake mdogo. Trikomona huchubua na kuvimbisha uke na mlango wa kizazi wa mwanamke, na mwenye michubuko hiyo anakuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa VVU akikutana na mwenye virusi, kwa makadirio ya tafiti zilizokusanywa pamoja, kama mara moja na nusu. Nchi yetu ina sehemu kubwa katika kulifahamu jambo la namna hii. Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika vijiji vya mkoa wa Mwanza, zahanati zilipewa mafunzo na dawa za kutosha za kutibu magonjwa ya zinaa, na maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa takriban asilimia 40 ukilinganisha na vijiji ambavyo vilikuwa havijafikiwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995 na dunia nzima ikayasoma. Majaribio mengine yaliyofanyika kwingineko baadaye, likiwemo la Rakai nchini Uganda, hayakupata punguzo hilo, kwa hiyo sisemi kwamba vidonge vya trikomona vitaumaliza UKIMWI. Nasema zahanati ya kijijini yenye mhudumu aliyefundishwa na kabati lenye dawa si jambo dogo.

Kwa mjamzito, ugonjwa huu unahusishwa na kujifungua kabla ya siku na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Kliniki humpima VVU na kaswende, lakini trikomona kwa kawaida hutafutwa kwa mwenye dalili, kwa hiyo asiyesema hapimwi. Mjamzito anaweza kutibiwa kwa metronidazole, chini ya uangalizi wa mhudumu. Aseme. Asimeze za kabatini.

Na hapo nina lawama moja kwa utaratibu wetu wa kutibu. Zahanati nyingi, kwa kukosa maabara, hutibu kwa kuangalia dalili: mwanamke anayetokwa na majimaji hupewa dawa za magonjwa kadhaa kwa pamoja. Utaratibu huo umeokoa wengi na siubezi. Lakini utaratibu unaongojea dalili unawaacha nje wale 7 kati ya 10, na unamwacha nje hasa mume aliyekaa nyumbani. Ile karatasi ya mwenza ndiyo daraja pekee la kumfikia, nayo wanawake wengi hawathubutu kuitoa kwenye mkoba. Ningetamani wahudumu wawe wanauliza, "Je, unaogopa kumpelekea?" na wakiambiwa ndiyo, wamsaidie mwanamke kupanga maneno, au wampe dawa ya mwenza aondoke nayo pale inapofaa. Kondomu nayo hupunguza hatari, hata kama haiiondoi yote.

Kazi yangu kubwa siku hizi ni magauni ya kicheni pati. Mabibi harusi wanakuja kupimwa, tunafunga mlango, na mwanamke akiwa peke yake na fundi wake huzungumza. Zamani nilikuwa nasikiliza tu. Sasa nikimaliza kupima kiuno na kifua nawaeleza trikomona ni nini, majimaji yake yakoje, kipimo kinasomwaje, dawa inamezwa siku ngapi na kwa nini mwenzio lazima ameze. Wapo wanaoona haya, wakacheka kidogo, wakainama. Wapo ambao machozi yanawatoka palepale, na nawajua hao ni nani. Niliposomewa mambo ya ndoa na somo wangu nilifundishwa mengi mazuri ambayo nayashukuru hadi leo, lakini juu ya hili hakusema, kwa kuwa naye hakuambiwa. Mimi nimeambiwa. Na upande wa wanaume, mume wangu amewapeleka wenzake wa machungwa zahanati, kimyakimya, mmoja mmoja, wale ambao wake zao wanarudi kliniki kila mara.

Ndugu yangu mwanamume unayesoma hapa, na mkeo amekuletea karatasi ya kliniki, na wewe huumwi popote: nenda. Nenda kabla hujauliza chochote. Kimelea hakitamki jina la aliyekileta, lakini dawa inakiua kwa wote wawili, na zahanati ya karibu nawe itafunguliwa kesho asubuhi.